Bâche Mbele ya Nyumba

Mimi ni mutu wa kukasirika upesi, na ile asubui kinga ilikuwa imenikasirisha tayari. Ni baiskeli ya zamani, chuma nzito, shene, ule munyororo wa kuzungusha gurudumu, inatoka ovyo. Nilibadilisha frein, zile breki, nikapaka mafuta, nikafunga mizigo nyuma na kamba za mupira. Nilitaka kutoka Butembo mpaka Beni, nilale Bungulu kwa mama mudogo, kisha nipite Mavivi na kuendelea, kama barabara inaruhusu. Kutembea tu, kuona inchi. Kwetu batu banapanda kinga juu ya kubeba ndizi na mafuta ya mawese. Mwenye kupanda bure, banamuuliza kama kichwa yake iko muzima.

Mama hakuniuliza ile. Yeye alishaamua kama naenda kuleta mukubwa wangu, muzaliwa wake wa kwanza, mwenye alienda ku shamba yake ya kakao upande wa Mavivi wakati bengine balikuwa banakimbia vita huko. Hakurudi. Hakuna mutu aliona maiti, basi mama alikataa kilio. Pasta alikuja kumusemesha, akamufukuza: "Mutoto wangu iko mu njia!" Kila jioni anamubakishia chakula, na sisi tunakula tukiangalia ile sahani. Ee Mungu, niliichukia ile sahani!

Juu ya mvua ya njiani nilinunua bâche ya bluu, turubai ya kujifunika. Nilitaka kujua kama iko na matundu. Nikaifunga ku miti ine mbele ya nyumba, nikamwanga maji juu yake, nikaiacha ikauke, nikaenda kuomba pompe ya kujaza upepo kwa jirani. Bupumbafu gani! Mutu wa Butembo, mwenye kukomaa, anatandika bâche mbele ya nyumba na anaenda zake! Kwetu, bâche ikisimama pale, hakuna mwenye anauliza. Kuko kilio.

Niliporudi, bamama ba avenue balikuwa banaingia na kuni ku kichwa, bengine na bidon ya maji, juu batu habaingiake ku kilio mikono mitupu. Wimbo ya kanisa ilikuwa imeshaanza. Jirani moja akanikamata ku shingo, machozi tele. "Pole, mwana wangu! Balimupata wapi?"

Hasira ikanipanda mpaka ku masikio. "Mais hakuna mutu amekufa! Ni bâche ya safari! Mubebe kuni zenu, mwende!"

Mama akatoka jikoni. Nilingoja abafukuze, vile alifukuza pasta. Aliangalia zile kuni. Aliangalia bale bamama, moja moja. Kisha akafungua kitambaa ya kichwa, akaketi chini, mu matope ya maji yangu, akaita jina ya mukubwa wangu kwa sauti yenye sikuisikiaka kwake hata siku moja. Nikaogopa.

Nikachutama karibu yake. "Mama, ni makosa. Habajui kitu."

"Najua. Nyamaza, uache balie."

Bakalia. Na mimi nikalia, pompe ya jirani ingali mu mukono.

Kilio ilipoisha, nikachukua kinga tena. Bâche sikuigusa, nilisema mvua inipige tu. Mama alinifungia ndizi za kuchoma, akanisindikiza mpaka ku barabara kubwa, akashika guidon, ule usukani wa kinga. Nikajua sasa ataniomba nimutafute.

"Ukifika Mavivi," akasema, "hapana uliza mutu tena."

Akaachilia. Nikapanda, sikugeuka nyuma.

Kule Kabasha njia inashuka sana, miguu inakosa kazi. Batu ba mafuta balikuwa banapandisha kinga zao kutoka Beni, banasukuma, vichwa chini, kofia mpaka ku macho. Mama yeye alikuwa ameacha kungoja. Mimi, kwa kila moja wao nilifunga frein, nikainama, nikamuangalia ku uso.