Karanga za Mama na Uso Wangu

Mwaka niliofikisha miaka kumi na saba, uso wangu uliharibu biashara ya mama. Mama aliuza karanga za kukaanga Dumila, pale mabasi yanaposimama, nami nilimsaidia kuzipeleka madirishani. Abiria alizitazama karanga, akanitazama mimi, akarudisha mkono ndani. "Ndiyo maana ana chunusi hivyo," walisema mbele yangu, utadhani chunusi huziba masikio.

Mama hakukubali kushindwa na uso. Alinipeleka Kilosa kwa daktari mmoja kijana. Yule kijana alinieleza kwa upole kwamba katika umri wangu mwili hutoa mafuta mengi, vitundu vya ngozi vikaziba, vijidudu vikazaliana humo, ngozi ikavimba. Akaniuliza napaka nini usoni. Nikamwambia mafuta ya mgando, asubuhi na jioni, ili ning'ae. Akashika kichwa. Mama alikuwa na swali moja tu.

"Kwa hiyo siyo karanga?"

Daktari akasema haoni sababu ya kuzilaumu.

"Basi liandike hilo, mwanangu, na mhuri ugonge."

Aliandika na kugonga, nadhani ili tumwachie chumba chake. Mama aliipeleka karatasi steshenari ikafunikwa kwa plastiki, akaitundika juu ya beseni: Karanga hazisababishi chunusi.

Hapo ndipo tulipokwisha kabisa. Watu ambao hawakuwahi kuwaza chunusi walisoma, wakaanza kuwaza. "Mpaka daktari ameandika, lazima kuna jambo," mzee mmoja alimwambia mwenzake wa kiti. Nilitamani kuichana ile karatasi, lakini mama aliipangusa vumbi kila basi lilipoondoka.

Siku ya tatu mwanamke mmoja alitoa kichwa dirishani, mkono tayari uko kwenye pochi. Akanikazia macho.

"Mama, huyo ni binti yako?"

Mama alilitazama beseni, limejaa vilevile kama asubuhi. Kisha akanitazama.

"Hapana," akasema. "Mteja tu huyo."

Iliniuma kuliko chunusi zote. Lakini nyumbani tulikula kwa karanga hizo, na mwanamke alikuwa bado anasubiri.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama yangu. "Naomba unipimie kikombe kimoja."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua macho. Akanipimia, akaniongezea na kiganja kizima, hadi nyingine zikamwagika chini.