Maharage yaliyolala kwenye blanketi

Leo nimenyata sebuleni kwangu mwenyewe ili nisiyaamshe maharage.

Msicheke kwanza.

Nimerudi Kimara kutoka kazini, nimelowa chapachapa. Nafungua mlango, naona kwenye kochi kuna kitu kimeviringishwa blanketi na kufungwa khanga vizuri kabisa. Nikajua jirani katuachia kichanga chake.

Nikavua viatu. Nikamnong'oneza mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Songea: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sauti imepatwa na nini?"

"Si mtoto amelala?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akafungua khanga. Sufuria!

Kumbe kaloweka maharage jana, leo kayachemsha kidogo tu, kazima gesi, kisha kaifunga sufuria ingali ya moto ili yajiivie yenyewe. Nimeonja. Laini mpaka basi.

Mie na aibu yangu nikajitetea: "Mama, gesi si ipo? Mtungi tumebadilisha juzi tu."

"Najua ipo. Itunze, mwanangu. Kuna mtu anakuja, atataka maji ya moto ya kuogea kila siku."

Jamani.

Hiyo siri tunaijua wawili tu, mie na mume wangu. Na mume wangu hata hajarudi kutoka kazini.

"Mama, nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona tu ulivyonyata."

Nikakaa pale pale kochini, nikalia. Akanifunika lile blanketi.

Haya, na nyie mmeshajua. Mnipongeze taratibu.

Blanketi bado lina joto.