Pikapu ya Mzee Mwinshehe

Mzee Mwinshehe wa Kilosa alikuwa mtu wa kuheshimiwa sana, na hilo ndilo lililomponza. Serikali iliporuhusu biashara huria na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Dubai, naye alinunua pikapu. Springi za nyuma zilikuwa zimelegea. Fundi wa nini? Aling'oa bamba moja la springi kwenye lori bovu, akaliongeza mwenyewe, akakaza nati, akajisifu wiki nzima. Alikuwa na haraka: pikapu hiyo ndiyo ingempeleka binti yake Mwamvua Mikumi, kuolewa na Bwana Yahaya mwenye duka, mchumba aliyemchagua yeye baba mtu.

Tangu siku ile gari likawa linavuta upande. Alilaumu barabara, akalaumu matairi, akanunua mengine, akalaumu upepo. Kisha akaanza kutuuliza abiria tunalionaje. Nasi, huku tumeng'ang'ania bodi kwa mikono miwili, tulijibu, "Limetulia, mzee." Nani amwambie mtu anayeamkiwa shikamoo na nusu ya mji kwamba hajui kufunga springi?

Ilibidi aje Shimba, Msukuma wa Kidete, mtani wake. Mtani hana adabu, tena anaharibu utani akiwa nayo. Alipanda mara moja tu, akashuka anafoka.

"We mzee, hili gari au kaa wa pwani? Hebu tazama ulikopita!"

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye tope kulikuwa na mistari minne badala ya miwili. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na safari yake yenyewe.

"Ekseli imekaa mshazari! Umefunga springi kama mzigo wa kuni!"

Mwinshehe alicheka hadi machozi, akaingia chini ya gari. Kweli, upande mmoja bolti ya katikati haikuwa imeingia kwenye tundu lake, na ekseli ilikuwa imerudi nyuma. Akafungua, akapanga upya. Gari likanyooka.

Siku ya harusi tulijazana nyuma na masufuria ya pilau. Kioo cha nyuma kilishavunjika zamani, kwa hiyo tulisikia kila neno la mzee na Mwamvua huko mbele.

"Mwanangu, gari unalionaje?"

"Limetulia, baba."

Mzee akaguna. Jibu hilo hilo binti alimpa hata gari lilipokuwa linakwenda kama kaa. Akaendesha hadi tulipopita kijiji cha Zombo.

"Na Bwana Yahaya?"

"Ni mtu mzuri, baba." Sauti ile ile, adabu ile ile.

Gari likasimama. Nyuma tulidhani ni pancha.

"Mwamvua, nijibu kama angenijibu Shimba."

Binti alianza kulia kwanza. Kisha akasema, "Baba, huna macho? Yule babu ana wajukuu wa rika langu. Simtaki!"

Roho iliniuma kwa machozi yake, na nilifurahi pia kwamba amesema, sioni haya kukiri. Mzee akaligeuza gari kuelekea Kilosa. Sisi wa nyuma hakutuuliza tunaonaje.