Tonton aliandika "Hapana", mimi nikatia sahihi

Admin, nifiche jina, maana hapa Mangobo watu wanajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na sita, watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Baba yao alienda Opala, hajarudi, hilo nimelizoea. Linaloniumiza ni tonton wangu, mdogo wa mama, aliyenisomesha mpaka nikawa mshonaji.

Tonton ni ajenti wa bima. Mwaka jana alikuja kwenye atelier yangu ya kushonea: "Mutoto yangu, moto ikikamata hapa utalia na nani?" Nikakubali. Fomu ya maswali aliijaza yeye mwenyewe, sahani ya lituma, ndizi za kuponda, magotini, mama akiwepo. Umeme wetu mnaujua, kila mshonaji ana jenereta. Tonton alikuwa amekalia bidon yangu ya petroli! Sikusoma alichoandika. Kwetu, mkubwa akikujazia karatasi nawe ukaikagua mbele yake, ni kama umemwita mwizi. Nikatia sahihi.

Mwezi uliopita moto ulitoka kwa jirani anayechoma mikate. Ukala mashine zangu zote na vitambaa vya pagne vya wateja.

Ofisini wakanifungulia fomu. Swali: unaweka petroli ndani? Jibu: "Hapana." Madamu wa pale akanieleza polepole: "Mama, bima inasimama juu ya ukweli. Kampuni ilikubali hatari uliyoitaja, si ile uliyoificha. Ukificha kwa makusudi, mkataba unakufa, hata kama moto haukutoka kwako. Na sahihi iko yako."

Nikasema aliyeandika ni ajenti wenu, na petroli aliiona. Akajibu, "Tulimuuliza. Anasema hakuona kitu, wewe ndiye ulimwambia hapana."

Nikaenda kwa tonton moja kwa moja.

"Bon, si ni karatasi tu?" akasema. "Ningeandika ndiyo, wangetuma mutu wa kukagua, ungengoja miezi. Nilikusaidia."

"Basi waambie hivyo, tonton."

"Nipoteze kazi? Nani alikusomesha, weye?"

Ni kweli alinisomesha. Lakini kunisomesha hakumpi ruhusa ya kuniita mwongo mbele ya watu.

Madamu amesema naweza kupinga kwa barua, nikiwa na shahidi kwamba ajenti alijua. Shahidi ni mmoja tu: mama. Nilipomwomba, alilia. "Usinitume nimuzike mudogo wangu." Nampenda mama yangu. Hata tonton bado nampenda, ndiyo shida. Lakini kila asubuhi wateja wanasimama mlangoni wakiuliza nguo zao, na watoto wanasikia majina ninayoitwa.

Kosa langu la kutosoma nalikubali, msinichape sana. Barua nimeshaiandika, mahali pa shahidi pako wazi. Ndugu zangu, nyinyi mngefanyaje? Niandike jina la mama bila idhini yake, au nilee watoto wangu huku nikibeba uongo wa mtu mwingine wenye sahihi yangu?