Kwaresima ya Kusubiri Majibu

Kwaresima ile ilianza wakati tunasubiri majibu ya hospitali. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa na uvimbe shingoni, na suruali zilikuwa zimeanza kumpwaya. Daktari alichukua kinyama cha kupima, akasema tutapigiwa simu. Hakutaja saratani. Mie nilikuwa nimeshaitaja moyoni.

Jumatano ya Majivu tulikwenda kanisani, hapo hapo kwetu Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege. Padre alipompaka mume wangu majivu na kumkumbusha kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, nilitamani kumvuta nyuma. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Siku hiyo niliona anaambiwa yeye peke yake. Ndege ikapita chini chini juu ya bati, ikameza sala iliyofuata. Nikashukuru.

Alifunga kama miaka yote. Nilimsihi aache, akakataa kwa upole. Jioni alikuwa anafungua kwa uji mtupu, mie nikawa nauchanganyia karanga za kusaga bila kumwambia. Alipogundua, aliweka kikombe chini.

“Mke wangu, nimefunga kwa hiari yangu,” alisema. “Usinifungulie kwa hofu yako.”

“Sasa hiyo hofu niipeleke wapi?”

Alinisogezea kiti tukasali, ila mie sikuwa nasali. Nilikuwa nasikilizia simu.

Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kiislamu, naye alikuwa kwenye mfungo wa Ramadhani. Aliniambia anamwombea mume wangu kila anapofuturu. Nilimuuliza anawezaje kuomba bila kuogopa. Akasema anaogopa sana, na anaomba hivyo hivyo.

Tuliitwa hospitali karibu na Jumapili ya Matawi. Haikuwa saratani. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi, ugonjwa unaopona kwa dawa za miezi kadhaa. Mume wangu akauliza kama dawa zinamezwa kabla ya kula au baada. Mie nililia mbele ya daktari.

Nje, getini, nilimshika mkono, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya barabarani tangu tuoane.

“Watu wanatuona,” alisema.

“Waone.”

Tulitembea hivyo mpaka kituoni. Nilikuwa na furaha, lakini hofu haikuondoka yote. Siku ya kurudi mavumbini imeahirishwa tu, na sijui itaanza kwangu au kwake. Nikazidi kukaza vidole.