Mdogo Wangu Mwanamaji

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuogelea, kwenye nduwa, lile bwawa la kutunzia maji ya mfereji wa migomba yetu. Miaka ya tisini mwanzoni, maofisa wa jeshi la wanamaji walipokuja Moshi kutafuta vijana, tuliteremka pamoja. Ofisa mmoja alitueleza kazi yenyewe: kulinda mipaka ya baharini na ya maziwa, kukamata wavuvi wa baruti na watu wa magendo, kuokoa wanaozama. Alilalamika kwamba vijana wa huku wanapenda jeshi la nchi kavu. Wakisikia maji wanarudi nyuma. Akauliza nani anajua kuogelea. Tulinyoosha mikono sisi wawili tu.

Mdogo wangu akachukuliwa. Mimi daktari alinikataa kwa sababu ya sikio lililokuwa likitoa usaha.

Nikaenda kuuza mitumba Kiboriloni. Barua za mdogo wangu Baba aliwasomea majirani zote. Sukari na nyama nilizopandisha nyumbani mlimani kila Jumamosi zililiwa bila neno la shukrani.

Krismasi ya tatu alikuja na sare nyeupe. Baba akampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipozunguka, niliwaambia wageni jambo aliloniandikia mimi peke yangu: kwamba miezi ya kwanza alitapika melini hadi akalia, akitaka kurudi nyumbani. Watu walicheka. Yeye aliinamisha uso.

Asubuhi alinikuta nakata majani ya ng'ombe. Hakugusia ya jana. Alisema wanamaji bado hawatoshi, wengi wanaacha mafunzo wakishaionja bahari, na kwamba ameshazungumza na mkubwa wake habari zangu. Sikio lilikuwa limepona siku nyingi.

"Kaka, njoo," alisema. "Nimewaambia wewe ndiye mwalimu wangu."

Nilimuuliza kama nitalazimika kumpigia saluti.

"Kazini, ndiyo. Mimi nimetangulia."

Nikamjibu kwamba biashara yangu imechanganya, siwezi kuiacha. Ulikuwa uongo; wauza mitumba tulikuwa wengi kuliko wanunuzi.

Siku ya kuondoka nilimbebea begi hadi barabarani, nikitembea taratibu ili anisihi tena. Aliniuliza habari za ng'ombe tu.

Mwaka uliofuata alimchukua binamu yetu, asiyejua hata kuelea. Nikamwonea wivu na yeye.