Watalii wa Pweto na Vyumba Vilivyobaki Vitupu

Kundi la kwanza la watalii tulilolipeleka Pweto, mji wa ziwani, lilifika lote, salama na limejaa vumbi, na usiku ule hakuna hata mtalii mmoja aliyelala katika nyumba ya wageni tuliyowaandalia. Aliyelala humo ni dereva wetu peke yake. Kwa kuwa vyumba vyote vilikuwa wazi, alianza katika kimoja, akahamia kingine kwa sababu ya mbu, na asubuhi tulimkuta katika kile chenye mapazia mekundu, kilichoandikwa mlangoni “Maharusi”, amelala na viatu.

Uwakala wetu wa safari uko katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa depo ya samaki wakavu. Tulipaka rangi, tukabandika picha ya ziwa ukutani, lakini harufu haikukubali kuhama. Wateja wengine wakiingia huuliza kwanza bei ya samaki.

Mwenye kampuni ni mama mmoja kutoka familia ya wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Sote tunamwita mama patroni. Kaka zake wanauza kwa jumla na wana malori. Yeye kwa miaka mingi alikuwa akifuata samaki Pweto kwa basi lake dogo, hadi siku moja akatangaza kwamba ameona jambo: yeye huenda kule kwa ajili ya samaki, lakini kila mara hujikuta amekaa ufukweni anatazama maji na moyo wake unapoa. Kwa nini asiwapeleke watu wengine wakapoe?

Kaka yake mkubwa alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

“Bantu balipe juu ya kuangalia mayi? Mayi iko hata ku robine!”

“Ya ku robine haionekanake, yaya,” alijibu mama patroni, akionyesha bomba la maji lililokauka uani. “Njo maana batalipa kuona yenye iko.”

Kikwazo kilikuwa vyumba. Pale Pweto aliifahamu nyumba moja tu ya wageni iliyo safi na karibu na ziwa, nayo siku zote ilijaa wafanyabiashara wa samaki. Mwenye nyumba hakuamini kwamba watalii wapo. Alikubali jaribio moja: angewakatalia watu wa samaki kwa siku chache na kututunzia vyumba vyote. Akiona vimelaliwa, angetuwekea kiangazi kizima. Visipolaliwa, watu wa samaki wangerudi, sisi tungekosa pa kuwalaza wageni, na mama patroni angerudi kwenye magunia na vicheko vya kaka zake.

Mimi nilikuwa nikisoma habari katika redio ya mtaani. Mama patroni aliniajiri kwa sababu, alisema, ninajua kueleza mambo kwa utaratibu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumfundisha dereva istilahi za utalii, ili asituaibishe mbele ya wateja. Dereva ni baba mtu mzima, aliyeendesha kila kitu chenye magurudumu katika mkoa huu.

Nilianza na neno lenyewe. Mtalii, nikasema, ni mtu anayeacha mahali anapoishi siku zote, akalala kwingine angalau usiku mmoja, kisha akarudi. Asipolala, si mtalii, ni mtembezi wa siku.

“Basi miye ni turiste tangu zamani,” alisema dereva. “Pane ikinishika ku Kasomeno, ninalala.”

“Hapana, papa. Gari likiharibika wewe bado uko kazini.”

“Pane haiko kazi, mwalimu. Wakati wa pane ninalala chini ya muti, ninaangalia ndege.”

Nikapita kwenye neno lililofuata. Nilimweleza kifurushi, yaani bei moja iliyokusanya safari, kitanda, chakula na mwongozaji. Nilimweleza msimu wa wageni wengi na msimu wa wageni wachache. Mama patroni, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliongeza kwamba sisi tuko katika msimu wa tatu, ule ambao wageni hawapo. Kisha nikafika kwenye kuuza nafasi kupita viti vilivyopo. Uso wa dereva uling'aa.

“Ile njo kazi yetu ya siku zote! Hatukujuaka kama iko na jina.”

Basi lilijaa upesi kuliko tulivyotarajia, nasi tukadhani ni uzuri wa ile picha ya ziwa. Miongoni mwa abiria alikuwapo mama mzee, mwalimu mstaafu, aliyekuja na kofia ya jua mpya. Alikuwapo pia mtu wa Kasumbalesa, deklara, mmoja wa wale wanaopitisha mizigo forodhani, anayeshinda kati ya malori yanayongoja kuingia Zambia, simu sikioni. Huyu alifika ofisini macho mekundu, akasema maneno ambayo mama patroni aliyarudia kwa wiki nzima kama sala:

“Miye sina ndugu Pweto. Sina rafiki. Sina hata adui. Ninataka kitanda, na muntu asiniite.”

“Huyu,” alininong'oneza mama patroni, “huyu ndiye mtalii mwenyewe.”

Asubuhi ya kuondoka nilipaswa kushtuka. Tulikuwa tumewaambia wateja kwamba chakula kimo katika kifurushi, waje na nguo tu. Walikuja na magunia ya unga, sabuni za miche, vitenge vilivyofungwa vizuri, na mmoja alikuja na godoro. Mwalimu mstaafu alikuwa na kuku wawili ndani ya kikapu.

“Mama,” nilimwuliza, “kuku hawa wa nini?”

“Wa safari,” alijibu, akafunika kikapu kwa ile kofia ya jua.

Barabara ya Kilwa, Kilwa ya huku kwetu, ilitupiga kama inavyompiga kila mtu. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya mwongozaji kuhusu mandhari, lakini kila nilipofungua kinywa basi liliingia shimoni, na nilipofika kwenye ndege wa majini nilikuwa nimeuma ulimi. Tulipokaribia Pweto niliona abiria wote wakipiga simu, wakisema kwa sauti za chini: “Tumefika pa lile daraja. Ndiyo. Mutungojee pale pale.”

Mbele ya nyumba ya wageni palikuwa na umati. Mwenye nyumba alitoka akiwa amevaa shati jeupe, akatabasamu, akadhani wote ni watalii. Kumbe walikuwa shangazi, wajomba, mabinamu na majirani wa mabinamu. Walishangilia, wakapokea magunia, wakapokea kuku. Mwalimu mstaafu alimshika mama patroni mkono kwa upole.

“Chumba yako ni muzuri, mutoto wangu. Lakini mudogo wangu anakaa nyuma ya kanisa. Nikilala ku hoteli na yeye iko muzima, atauliza alinikosea nini?”

“Lakini mama, umeshalipia kitanda!”

“Kitanda akae nacho mwenye nyumba. Miye nitakuja kukiona kesho.”

Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akituomba msamaha na kutualika chakula. Walikuwapo mume na mke ambao hawakuwa na mtu Pweto. Mama patroni alisimama mbele yao kama ukuta. Lakini jamaa wa abiria wa kiti cha nyuma aliuliza wanatoka wapi, akahesabu vidole, akagundua kwamba mpwa wake ameoa upande huo.

“Basi muko bashemeji!” akapaza sauti, na sanduku lao likawa tayari kichwani pa mtu.

Akabaki deklara wa Kasumbalesa, peke yake, ameketi juu ya begi lake, amefurahi kabisa. Mama patroni alimwonyesha mwenye nyumba.

“Unaona? Kuna mumoja. Turiste ni huyu.”

Mwenye nyumba alimtazama yule mgeni, akatazama vyumba vyake vilivyotandikwa, akatazama tena mgeni. Uso wake ulibadilika.

“Atakula na nani?”

“Peke yake,” alisema mama patroni. “Ndivyo anavyotaka.”

“Ndivyo ninavyotaka,” alisema deklara.

“Muntu mumoja, mu nyumba hii yote? Mama yangu anakaa hapo ng'ambo ya lupango, ua ni moja. Akisikia niliacha mugeni anakula peke yake kama mufungwa, nitamuambia nini?” Akalichukua begi. “Twende, papa. Kuko samaki ya moto.”

Deklara alitugeukia kwa macho ya mtu anayevushwa mpaka bila hati zake. Akaenda. Ndipo dereva alipouliza kama kuna ubaya yeye kulala ndani.

Asubuhi mwenye nyumba alipita chumba kwa chumba akihesabu mashuka yasiyokunjwa, kisha akaja kwetu, mikono imefungwa kifuani.

“Niliwaambia. Baturiste habako.”

“Lakini wa mwisho umemubeba wewe mwenyewe!” alilia mama patroni.

“Ningefanya je?”

Nilijaribu kusaidia kwa utaratibu. Nilimweleza kwamba katika hesabu za utalii, anayesafiri na kulala kwa jamaa yake ni mtalii sawasawa na anayelala hotelini. Kwa hiyo usiku ule Pweto ilikuwa imepokea watalii basi zima.

“Kwa vitabu vyako balilala,” alisema mwenye nyumba. “Kwa mashuka yangu habakulala.”

Matembezi ya ziwani yaliharibu mambo zaidi. Tulikuwa tumekodi boti moja kwa ajili ya wateja wetu. Wateja walikuja, kila mmoja na ukoo wake, na sufuria. Wakati wapwa wakigombania kupanda, dereva alinivuta kando.

“Mwalimu, hii haiko ile ya kuuza nafasi kupita viti?”

“Hapana, papa. Hawa hawakuuziwa kitu.”

“Basi hii haina jina,” alisema, akaridhika.

Deklara alifika wa mwisho, macho mekundu kuliko alivyotoka nayo nyumbani. Mama wa mwenye nyumba alimwamsha kabla ya jua ili ale. Alipomaliza kula, wakaingia majirani, kila mmoja akiwa na mzigo wa jamaa yake uliokwama forodhani, wakimwuliza afanyeje.

“Nimetumika hapa kupita Kasumbalesa,” alisema. “Na yule mama ameanza kuniita mukwe.”

Lakini nilimwona baadaye kwenye ukuta wa mawe kando ya maji, karibu na mama patroni. Ziwa lilikuwa kubwa na halina shughuli nasi. Alilala ameketi, mdomo wazi, na mama patroni alimfukuzia nzi kwa tangazo la kampuni yetu.

Tulipoondoka, mwenye nyumba hakukataa wala hakukubali. Alisema atafikiri.

Tangu hapo mama patroni humpigia simu kila Jumatatu, na mimi husikia upande wa pili kwa sababu yule bwana huzungumza kana kwamba simu haina waya wala mtandao. Mama patroni amempa wazo: kwa kuwa lupango ni moja, wageni wetu walale kwa mama yake, na wahesabiwe kuwa wamelala hotelini, malipo yao vilevile.

“Nilimuuliza mama,” alisema mwenye nyumba juzi. “Anakataa. Anasema hakuna muntu atalipa juu ya kulala mu nyumba yake. Ni haya.”

“Basi balale ku hoteli!”

“Hapo pia anakataa. Anauliza juu ya nini bapite ku mulango yake bila kuingia.”

Wateja wengine wameshauliza safari ijayo ni lini. Deklara naye amepiga simu kutoka Kasumbalesa, malori yakinguruma nyuma yake: anataka kurudi, chumba kile kile ambacho hakukilalia, na safari hii afike gizani mama wa mwenye nyumba asimwone. Mama patroni hajui amwambie nini. Kiangazi kimeanza, vumbi limepanda mpaka kwenye picha yetu ya ziwa. Mwenye nyumba hajawarudishia watu wa samaki vyumba vyake, wala sisi hajatupa.